Kamera ya Kazi Isiolo: Ununue Ipi, na Mipangilio Yake Uitunze Vipi?

Mwishoni mwa Januari 2016, vikundi 118 vilisambaa katika kaunti za Isiolo, Samburu, Laikipia, Marsabit na Meru kuwapiga picha pundamilia wa Grevy. Kwa siku mbili walitumia kamera 162 na kurudi na picha 40,810. Programu ya kompyuta ilizipitia picha hizo, ikamtambua kila mnyama kwa mistari yake, na makadirio yakatoka: pundamilia wa Grevy 2,350 nchini Kenya. Wengi wa waliopiga picha hizo hawakuwa mafundi wa kamera. Walipewa tu maagizo yaleyale wote: mpige mnyama picha ya ubavu wa kulia, na utumie kamera yenye GPS inayoandika mahali na saa katika kila picha.

Maagizo hayo yana uzito kuliko yanavyoonekana. Mistari ya ubavu wa kulia hailingani na ya kushoto, kwa hiyo picha za pande mbili tofauti haziwezi kulinganishwa. Saa nayo ndiyo inayobeba hesabu yenyewe. Njia inayotumika ni kuzidisha wanyama walioonekana siku ya kwanza kwa walioonekana siku ya pili, kisha kugawanya kwa wale walioonekana siku zote mbili. Tuseme kila siku wameonekana 100, na 50 kati yao wameonekana mara mbili: jibu ni 200. Sasa kamera chache zikikosea tarehe, na waliorudiwa wakahesabiwa 40 badala ya 50, jibu linaruka hadi 250. Wanyama 50 wamezaliwa ndani ya saa ya kamera.

Naanza na mfano huo kwa sababu watu wengi hapa Isiolo wanaulizia kamera za kazi: hifadhi za jamii, wenye maghala, wafanyabiashara wa mifugo wanaotaka kuhesabu mbuzi langoni, vijana waliosoma kompyuta. Swali lao la kwanza huwa bei, na la pili huwa megapikseli. Kwa maoni yangu swali la kwanza lingekuwa hili: nikishaipanga kamera hii vizuri, nitaihifadhi wapi mipangilio yake, na stima ikipotea itarudi vipi? Kamera isiyo na jibu la swali hilo itakugharimu zaidi ya ile iliyokuwa ghali dukani.

Hapa nalinganisha aina nne. Bei za dola ni zile zinazotangazwa na watengenezaji, na nimezigeuza kwa shilingi 129 kwa dola moja, kiwango ambacho shilingi imekaa karibu nacho tangu katikati ya 2024. Ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 kabla ya kupanga bajeti.

Kamera ya mtego

Hii ndiyo hufungwa mtini ikapiga picha yenyewe mnyama anapopita. Za bei ya chini huuzwa kwa chini ya dola 100. Za daraja la watafiti ni ghali zaidi: Reconyx HyperFire 2, kwa mfano, imekuwa ikitangazwa kwa karibu dola 460, yaani shilingi 59,340.

Gharama isiyoandikwa kwenye boksi ni betri. Nyingi za daraja la juu hula betri 12 za AA. Betri za alkali ni volti 1.5 kila moja zikiwa mpya. Zile za kuchajiwa za NiMH ni volti 1.2, na kamera ambayo haijaambiwa aina ya betri inaweza kudhani zimekwisha wakati zimejaa. Hivyo ukinunua za kuchajiwa, ambazo kwa miaka miwili huokoa hela nyingi, hakikisha menyu ya kamera ina sehemu ya kuchagua aina ya betri.

Kuna jambo la Isiolo hasa. Kihisi cha kamera hizi hutambua tofauti ya joto kati ya mwili wa mnyama na mazingira yake. Adhuhuri, mchanga na mawe ya huku yanapokaribia joto la mwili, mnyama anaweza kupita na kamera isishtuke. Kwa hiyo usiijaribu asubuhi tu. Pita mbele yake saa saba mchana, mita 5, mita 10 na mita 15, uone inakukamata wapi. Na kwa kuwa tuko karibu kabisa na ikweta, jua huchomoza na kutua mbele ya kamera yoyote inayotazama mashariki au magharibi. Ielekeze kaskazini au kusini.

Mipangilio: za bei rahisi hupangwa moja moja kwa vitufe, na baadhi hurudisha saa kwenye tarehe ya kiwandani ukitoa betri. Baadhi ya zile za ghali hukuruhusu kuandaa mipangilio kwenye kompyuta, kuiandika kwenye kadi ya SD, na kuipachika katika kamera zote. Mwenye kamera 2 hatahisi tofauti. Mwenye 30 ataokoa siku nzima ya kazi kila msimu, na atakuwa na uhakika kwamba zote 30 zinafanana.

Kamera ya ulinzi

Hii ndiyo rahisi kupata, hapa mjini na Nairobi. Kamera moja ya WiFi huuzwa kwa shilingi elfu chache. Seti ya kamera nne na kinasa chake hufika makumi ya maelfu, na kazi ya fundi iko juu yake.

Hesabu ambayo wauzaji wengi hawaifanyi mbele ya mteja ni ya diski. Kamera inayorekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde hutumia gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne ni gigabaiti 86.4. Diski ya terabaiti 1 itakutosha siku 11 na kitu. Ukipandisha ubora hadi megabiti 4, siku zinashuka hadi 5 na kitu. Ukigundua wizi wa ghala wiki moja baadaye, picha yake imeshafutwa. Chagua idadi ya siku unazotaka kwanza, kisha diski.

Kuhusu mipangilio, kamera na vinasa vya kampuni kubwa kama Hikvision na Dahua vina sehemu ya kutoa mipangilio yote kama faili moja, ambayo unaweza kuirudisha baadaye. Kwa kawaida faili hiyo hukubaliwa na kifaa cha modeli ileile tu. Ndiyo maana kuchanganya kamera za aina nne kwa sababu kila moja ilikuwa na bei nzuri siku hiyo ni ununuzi mbaya: utatunza faili nne na manenosiri manne. Mwambie fundi akupe faili hiyo na nenosiri la msimamizi kabla hujamlipa salio. Fundi akibaki nazo peke yake, umenunua kamera lakini huimiliki.

Usisahau sheria. Kamera ya ulinzi inanasa watu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Weka tangazo linaloonekana, usielekeze lenzi kwenye nyumba ya jirani, na uulize Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data kama unapaswa kujisajili.

Kamera ya viwandani

Hii ni kamera ndogo ya chuma isiyo na skrini wala kitufe. Imeundwa kukaa juu ya mkanda wa kiwanda ikikagua chupa au kupima vipande. Bei huanzia mamia ya dola kwa mwili peke yake. Lenzi, kebo na kompyuta hununuliwa kando.

Ukiagiza, angalia mambo mawili. La kwanza ni kebo. Ile ya USB 3 kwa kawaida hufika mita chache tu, ilhali ile ya mtandao, GigE, hufika mita 100. Kati ya lango la soko na ofisi, tofauti hiyo huamua kila kitu. La pili ni vumbi. Watu husikia “ya viwandani” wakadhani haipitishi chochote. Nyingi zina daraja la IP30, maana yake hazina kinga ya vumbi laini wala maji. Bila ganda la IP67, vumbi la huku litaimaliza. Na joto la kufanyia kazi mara nyingi huandikwa mwisho wake nyuzi 50 kwenye mwili wa kamera. Ndani ya boksi jeusi chini ya jua la Februari, nyuzi 50 si mbali. Tumia boksi jeupe, kivuli, na nafasi ya hewa.

Kwa upande wa mipangilio, aina hii inazishinda zote, lakini kwa mwenye kujua siri yake. Kamera nyingi za namna hii hufuata kiwango kinachoitwa GenICam. Unachokibadilisha ukiwa kazini, mwangaza, muda wa kufungua, rangi, hukaa kwenye kumbukumbu ya muda. Umeme ukikatika, kinapotea. Kwa kamera za Basler, utaratibu wa kukihifadhi ni huu: simamisha upigaji wa picha, kwenye programu ya pylon, ambayo ni ya bure, chagua User Set 1, bonyeza UserSetSave, kisha, na hapa ndipo wengi huachia njiani, weka UserSetDefault iwe User Set 1. Usipofanya hatua hiyo ya mwisho, kamera imeihifadhi mipangilio yako kweli, lakini ikiwaka tena itaanza na ile ya kiwandani. Baada ya hapo toa nakala ya faili, ambayo kwa Basler huishia na .pfs, uiweke kwenye kompyuta na kwenye flashi diski.

Kamera ya kompyuta ndogo

Njia ya nne ni kujiundia kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi. Hesabu yake iko wazi. Raspberry Pi 5 ya gigabaiti 4 ilitangazwa 2023 kwa dola 60, ingawa kupanda kwa bei za chipu za kumbukumbu kumeisukuma juu tangu hapo. Kamera yake ya Global Shutter ni dola 50, lenzi ya milimita 6 ni dola 25, na chaja rasmi ni dola 12. Kwa bei hiyo ya 2023, jumla ni dola 147, karibu shilingi 19,000 kabla ya kodi, kadi na boksi; sasa tarajia kuzidi hapo.

Kwa nini Global Shutter, wakati kamera nyingine ya kampuni hiyohiyo ina megapikseli 12.3 kwa dola 50 hizohizo? Kwa sababu ile yenye megapikseli nyingi husoma picha mstari kwa mstari, na mbuzi anayekimbia hutoka amepinda. Global Shutter ina megapikseli 1.6 tu, lakini hushika picha yote kwa mara moja. Kwa kuhesabu na kupima kitu kinachotembea, hizo 1.6 ni bora kuliko 12.3.

Umeme wake ni mdogo. Ikitumia wati 5, usiku wa saa 12 ni wati-saa 60. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 18 ina wati-saa 216, na ukitumia nusu yake ili isife mapema unabaki na 108. Inatosha hadi asubuhi, sola ichukue zamu.

Mipangilio yake ni faili ya maandishi unayoweza kuisoma, kuinakili na kuituma kwa simu. Udhaifu wake ni kadi ya SD: stima ikikatika wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika na kila kitu kilichomo. Nunua kadi mbili, ya pili iwe nakala kamili ya ya kwanza, uifunge kwa gundi ndani ya boksi.

Kusawazisha: kazi ya bei ndogo kuliko zote

Lenzi yoyote hupinda picha kidogo, hasa pembezoni. Kama unataka kujua mnyama ana urefu gani, au chupa imejaa hadi wapi, ni lazima kompyuta ijue lenzi yako inapinda vipi, na huko ndiko kusawazisha. Njia inayotumika zaidi duniani ilichapishwa na Zhengyou Zhang mwaka 2000, na iko ndani ya OpenCV, programu ya bure. Kifaa chake ni karatasi yenye miraba myeusi na myeupe kama ubao wa drafti.

Chapisha ubao huo kwenye karatasi ya A4. Kisha chukua rula na uupime. Usiruke hatua hii. Mashine nyingi za kuchapisha hupunguza ukurasa ili uingie pembezoni, na mraba wa milimita 25 hutoka ukiwa 24. Ukiiambia programu kwamba ni 25, vipimo vyote vitazidi kwa zaidi ya asilimia 4. Ng'ombe wa sentimita 130 atasomwa 135. Andika 24, na kosa limekwisha.

Gundisha karatasi kwenye kioo au ubao ulionyooka, maana karatasi iliyojikunja huharibu hesabu yote. Piga picha 10 au zaidi, bora 20, ukiuinamisha ubao pande zote na kuufikisha kwenye kona za picha, ambako lenzi hupinda zaidi. Programu itakupa namba chache za lenzi na kiasi cha kosa kwa pikseli. Kosa likiwa chini ya nusu pikseli, umefanya kazi nzuri. Likizidi pikseli moja, rudia.

Namba hizo ni za lenzi hiyo, kwa umbali huo wa kulenga na ukubwa huo wa picha. Ukizungusha pete ya lenzi, hazifai tena. Na pete haihifadhiwi na faili yoyote. Kaza skrubu zake, kisha chora mstari wa rangi ya kucha unaovuka pete na mwili wa lenzi. Mstari ukikatika, utajua pete imesogea.

Kwa kamera ya mtego, kusawazisha ni kazi ya miguu: mtu anatembea mbele yake akionyesha karatasi yenye namba kila mita moja, 1 hadi 15. Baadaye mnyama akionekana, unalinganisha alipo na picha hizo ukajua umbali wake. Watafiti hutumia umbali huo kukadiria idadi ya wanyama kwa eneo. Gharama ni karatasi na kalamu.

Na kamera yoyote ile, picha ya kwanza ya kila zamu iwe ya skrini ya simu inayoonyesha tarehe na saa. Saa ya kamera ikiwa imekosea, picha hiyo moja itakuwezesha kuzirekebisha zote.

Mahali patatu pa kuhifadhi

Mipangilio ikae ndani ya kamera yenyewe, kwenye flashi diski au kompyuta ofisini, na kwenye karatasi iliyochapishwa ndani ya boksi la kamera. Karatasi hiyo iwe na modeli, namba ya mtambo, toleo la programu ya ndani, muda wa kufungua lenzi, rangi, tarehe ya kusawazisha na jina la aliyesawazisha. Jina la faili liseme kitu: “lango-kaskazini-2025-02-10” linamsaidia anayekuja baada yako, “mpya-mwisho2” halimsaidii yeyote.

Kisha ujaribu kwa makusudi. Chomoa stima, subiri dakika moja, rudisha, upige picha. Ikilingana na ya awali, umenunua kamera ya kazi. Isipolingana, afadhali ugundue hilo wakati muuzaji angali anakujibu simu. Fundi kutoka Nairobi anasafiri zaidi ya kilomita 250 kufika hapa, na safari yake moja kuja kurudisha mipangilio iliyopotea inaweza kuzidi bei ya kamera ya WiFi.

Nani anunue nini

Hifadhi ya jamii inayotaka kujua wanyama wake, iwe jirani ya hifadhi za Buffalo Springs au Shaba, inunue kamera za mtego za modeli moja, hata zikiwa chache. Kumi zinazofanana zina faida kuliko ishirini za aina tano.

Mwenye duka au ghala anunue kamera za ulinzi za kampuni moja, zenye uwezo wa kutoa faili ya mipangilio, na adai faili na nenosiri kabla ya kulipa salio.

Anayetaka kuhesabu mifugo langoni aanze na Raspberry Pi na Global Shutter. Shilingi 19,000 au zaidi, pamoja na kodi, ni hasara inayobebeka jaribio lisipofaulu. Ila asidhani kamera itachukua nafasi ya mizani. Biashara ya kuuza kwa kilo inasimamiwa na Sheria ya Mizani na Vipimo, na mizani yenyewe lazima ihakikiwe na kupigwa muhuri. Kamera ikadirie na kuhesabu. Bei ya kilo ibaki kwa mizani.

Kamera ya viwandani inunuliwe na mwenye kazi ya kila siku isiyovumilia kosa: kiwanda cha kujaza maziwa kwenye chupa, au cha kufungasha nyama. Na iwepo tayari kwenye mishahara nafasi ya mtu atakayeielewa.

Kwa yeyote kati ya hao, kabla ya kutoa M-Pesa, muuzaji ajibu maswali haya:

- Mipangilio yote inatoka kama faili, na inarudi bila kuingizwa upya kwa mkono?
- Umeme ukikatika, inaanza na mipangilio yangu au ya kiwandani?
- Saa yake ina betri ya ndani?
- Lenzi ina skrubu za kukaza?
- Daraja lake la IP ni lipi, na joto la mwisho ni nyuzi ngapi?
- Bei uliyonitajia ina lenzi, kebo na chaja?

Muuzaji anayeyajibu yote akiwa na kamera mkononi, akaizima na kuiwasha mbele yako, anastahili kulipwa hata akiwa ghali kidogo. Anayekuambia “usijali, itafanya kazi”, mshukuru kwa muda wake, uende duka la pili.